Ya Kaisari na ya Mungu: Muumini Mbele ya Serikali Inayoonea

Dominika ya 29 ya Mwaka A
Masomo: Isa 45:1, 4-6, 1 Thes 1:1-5, Mt 22:15-21



Injili ya Dominika hii ni mojawapo ya zile ambazo wengi wetu tunaijua sehemu yake ya mwisho tu. Msimamishe Mkristo yeyote njiani, umwulize Yesu alifundisha nini juu ya kodi, naye atakujibu bila kusita kwamba ya Kaisari tumpe Kaisari na ya Mungu tumpe Mungu. Akishajibu hivyo huona kwamba shauri limekwisha: siasa ikae kule, sala ikae huku, na pasiwe na ugomvi. Nimeyasikia maneno hayo vinywani mwa wakubwa wa serikali kila mara padre alipogusa jambo lisilowapendeza. Nimeyasikia kwa waamini wenyewe. Na niseme kweli, nimewahi kuyatamka mimi mwenyewe siku moja nilipoogopa. Siku hiyo nitaieleza baadaye.

Kwanza tuitazame Injili yenyewe. Waliomjia Yesu ni makundi mawili yasiyopatana: wafuasi wa Mafarisayo, ambao waliona uchungu kutawaliwa na wageni, na Maherode, yaani watu wa upande wa ukoo wa Herode, ambao cheo chao kilitegemea kibali cha Roma. Watu hawa hawakuwa na jambo la kuwakutanisha isipokuwa hofu yao kwa Yesu. Wanaanza kwa kumsifu, kama kawaida ya wenye hila, kisha wanauliza kama ni halali kulipa kodi. Akisema ni halali, watu watamwona msaliti wa taifa lake. Akisema si halali, Maherode watakwenda kumshitaki kwa Warumi. Mwinjili Luka anatuambia kwamba mwishowe alishitakiwa hivyo hivyo mbele ya Pilato, kwamba anawakataza watu wasilipe kodi, ingawa hakusema neno hilo hata mara moja. Likumbukeni hilo, maana tutalikuta tena: asemaye kweli mbele ya watawala wenye hofu hushitakiwa kwa maneno ambayo hakuyasema.

Yesu anaomba aonyeshwe fedha ya kodi. Wanampa dinari. Zingatieni kwamba yeye hanayo; walio nayo ni wao, tena ndani ya eneo la Hekalu. Dinari ya wakati ule ilikuwa na sura ya Kaisari Tiberio, na maandishi yaliyomwita mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Yesu anauliza: sura hii ni ya nani? Ni ya Kaisari. Basi kilicho na sura ya Kaisari kirudishwe kwa Kaisari. Lakini Wayahudi wale walikijua vema Kitabu cha Mwanzo, na walijua ni kiumbe gani kimeumbwa kwa sura ya Mungu. Mwalimu wa kale wa Afrika ya Kaskazini, Tertuliano wa Karthago, alilieleza jambo hili karne nyingi zilizopita: sarafu arudishiwe Kaisari kwa sababu ina sura yake, na mwanadamu arudishwe kwa Mungu kwa sababu ana sura yake Mungu.

Hapo ndipo penye kiini cha fundisho. Yesu hakugawa ulimwengu vipande viwili vilivyo sawa, kimoja cha Kaisari na kimoja cha Mungu, kama ndugu wawili wagawanavyo shamba la marehemu baba yao. Alimwekea Kaisari mpaka. Kaisari ana haki ya kodi, kwa kuwa barabara, ulinzi na mahakama havijengwi kwa sala peke yake. Hana haki ya dhamiri ya mtu, wala ya kuitwa mungu, wala ya damu ya asiye na hatia. Akivuka mpaka huo, muumini anayemkatalia haiibii serikali kitu. Anamrudishia Mungu kilicho chake.

Somo la kwanza linaongeza jambo. Nabii Isaya anamtaja Koreshi, mfalme wa Waajemi, mpagani asiyemjua Bwana, na anamwita mtiwa mafuta. Maana yake ni kwamba Mungu aweza kumtumia mtawala yeyote, hata asiye wa imani yetu, kwa manufaa ya watu wake. Kwa hiyo Mkristo haidharau serikali kwa kuwa ni serikali tu, wala haipendi kwa kuwa rais husali kanisa moja naye. Mamlaka ya Koreshi ni ya kukopeshwa, na mwenye kukopesha atadai hesabu.

Najua baadhi yenu, hasa makatekista, mnangoja kuniuliza: Padre, na Warumi sura ya 13 je? Mtume Paulo si anaamuru kila mtu aitii serikali iliyopo? Ndiyo, anaamuru. Somo hilo limetumiwa na kila dikteta aliyewahi kuwa na Biblia mezani, kwa hiyo yafaa tulisome kwa utulivu. Paulo aliwaandikia Warumi yapata mwaka 57, mwanzoni mwa utawala wa Nero, kabla Nero hajaanza kuwaua Wakristo. Anamwita mtawala mtumishi wa Mungu, kwa ajili ya mema ya watu. Lipimeni neno hilo: mtumishi. Mtumishi ana bwana aliyemtuma, tena ana kazi aliyopewa. Mtumishi akiacha kazi aliyotumwa na kuanza kuwapiga wenye nyumba, hawezi kujitetea kwa barua ile ile iliyompa kazi.

Aidha, tumtazame Paulo mwenyewe alivyotenda. Kule Filipi yeye na Sila walipigwa bakora hadharani bila kuhukumiwa, wakafungwa miguu katika mkatale. Asubuhi mahakimu wakatuma ujumbe kwamba wafunguliwe na waende zao kimya kimya. Padre wa tabia kama yangu angeshukuru na kuondoka mbio. Paulo alikataa. Alisema kwamba wao ni raia wa Roma, wamepigwa mbele ya watu bila hukumu, na sasa wanataka kuwatoa kwa siri. Basi waje wenyewe wawatoe. Na mahakimu wakaja, wakiwabembeleza (Mdo 16:35-39). Mtume yule yule aliyehimiza utii alidai haki yake kwa sheria za nchi, bila tusi na bila jiwe mkononi. Warumi 13 isomwe pamoja na Matendo 16, na pamoja na jibu la Petro mbele ya Baraza, kwamba utii kwa Mungu unatangulia utii kwa wanadamu.

Haya yote ni rahisi kuyasema mbele ya kipaza sauti, katika chumba chenye zulia. Kwa hiyo nataka niwapeleke mahali ambapo yalitendeka, tena si mbali: ng'ambo ya mto Songwe, katika nchi jirani ya Malawi.

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964 chini ya Daktari Hastings Kamuzu Banda. Mwaka 1966 ikawa jamhuri yenye chama kimoja, na mwaka 1971 Banda akafanywa rais wa maisha. Nguzo za utawala zilihubiriwa kuwa nne: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Ukiyasikiliza maneno hayo peke yake, ni maneno mazuri. Naweza kuyahubiri katika Kwaresima. Lakini chini yake palikuwa na vijana wa chama waliowasimamisha watu sokoni na vituoni kudai kadi ya chama, na asiye nayo hakupanda basi. Palikuwa na wapelelezi hata mtu akaogopa kusema mbele ya shemeji yake. Watu waliwekwa kizuizini bila kushitakiwa. Mwezi Mei 1983 mawaziri watatu na mbunge mmoja walikufa huko Mwanza, ile wilaya ya Malawi iliyo mpakani na Msumbiji, na serikali ikatangaza kwamba gari lao lilipata ajali. Miaka kumi na miwili baadaye tume ya uchunguzi ilieleza kwamba waliuawa na polisi.

Na Kanisa lilikuwa wapi? Lazima tujibu kwa unyofu. Kwa miaka mingi Kanisa Katoliki, pamoja na makanisa mengine makubwa, liliendesha shule zake, hospitali zake na ibada zake, likanyamaza. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku mwaka 1967, na mwaka 1972 maelfu yao walikimbilia Zambia na Msumbiji baada ya kupigwa na kuchomewa nyumba kwa sababu walikataa kadi ya chama. Hatukubaliani nao katika mafundisho, hilo linajulikana. Lakini walipoteswa kwa ajili ya dhamiri, sisi tuliokuwa na mimbari kubwa hatukuwatetea. Nasema "sisi" kwa makusudi, maana Kanisa ni moja, na aibu ya ndugu ni aibu yetu.

Kisha ukaja mwaka 1992. Maaskofu saba, wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre, waliandika barua ya kichungaji ya Kwaresima iitwayo Kuishi Imani Yetu. Barua hiyo ilichapwa kwa siri, nakala zipatazo 16,000, ikasambazwa kwa siri katika parokia zote, na ikasomwa siku moja, saa za Misa, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 1992. Serikali iliyokuwa na sikio katika kila nyumba ilipata habari wakati mmoja na wakulima.

Ilisema nini? Mtu aliyetegemea matusi angesikitika. Haikumtukana Rais. Haikuwaita watu waingie mitaani, wala haikutaja chama kipya. Ilianza na hadhi ya mwanadamu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, yaani ilianzia pale pale ilipo Injili yetu ya leo. Ikaeleza kwamba pengo kati ya matajiri wachache na maskini wengi linazidi kupanuka, na kwamba mishahara haitoshi kumlisha mtu na watoto wake. Ikasema kwamba shule zimejaa kupita kiasi, na hospitali hazina nafasi wala dawa. Ikataja rushwa na upendeleo. Ikasema kwamba watu wanaogopa kutoa mawazo yao, na kwamba mahakama hazitendi haki sawa kwa wote. Wakaikumbuka methali ya wazee wao kwamba kichwa kimoja hakiwezi kubeba paa la nyumba. Sisi tungesema kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mtu aliyeketi kanisani alikuwa anayajua hayo. Jambo geni lilikuwa kwamba yamesemwa kwa sauti, mahali patakatifu, na watu waliotia sahihi majina yao.

Huko makanisani wengine walishangilia, wengine walilia. Siku mbili baadaye maaskofu waliitwa Blantyre, wakahojiwa na polisi kwa saa nyingi. Barua ikatangazwa kuwa ya uchochezi, na kupatikana nayo kukawa kosa. Mnawakumbuka Maherode? Tarehe 11 Machi viongozi wa chama tawala walifanya kikao, na humo baadhi yao wakatamka waziwazi kwamba maaskofu hao wauawe. Maneno ya kikao hicho yalinaswa katika kinasa sauti, yakavuja hadi nje ya nchi. Huenda hilo ndilo lililowaokoa maaskofu, maana aibu nayo ni ngao. Monsinyori John Roche, raia wa Ireland aliyekuwa akisimamia Jimbo la Mzuzu, alifukuzwa nchini mwezi Aprili.

Lakini barua ilikuwa imekwisha toka mikononi mwa maaskofu. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana. Watu walitoa nakala kwa mashine za ofisini, usiku, bila mwajiri kujua. Mwezi Mei wafanyakazi wa Blantyre waligoma wakidai mishahara bora, na makumi ya watu wakapigwa risasi. Mwezi huo huo nchi wahisani zikasimamisha misaada, isipokuwa ile ya kuokoa maisha. Wapresbiteri nao wakaandika kwa Rais, na baadaye Wakatoliki, Wapresbiteri, Waanglikana, Waislamu na wanasheria wakaketi meza moja kuzungumza na serikali. Mwezi Oktoba Rais alitangaza kura ya maoni. Ilipigwa tarehe 14 Juni 1993, na zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura wakachagua vyama vingi. Tarehe 17 Mei 1994 Daktari Banda alishindwa katika uchaguzi, akaondoka madarakani, na mwaka 1997 akafariki akiwa mzee sana.

Mimi nilikuwa kijana wa seminari habari hizo zilipotufikia. Tulizijadili chumba cha kulia, na mmoja wetu akauliza kwa nini hawakufanya hivyo mwaka 1972. Mwalimu wetu wa maadili alikaa kimya kwa muda, akasema hilo ni swali zuri kuliko majibu aliyo nayo. Nimelichukua swali hilo mpaka leo.

Naomba tutue kidogo hapa, tujiulize tunajifunza nini.

Jambo la kwanza ni kwamba silaha ya kwanza ya utawala dhalimu si bunduki. Askari hawatoshi kusimama kwenye kila mlango. Utawala wa namna hiyo unasimama kwa sababu watu wote wanakubali kusema lisilo kweli: kwamba gari lilipata ajali, kwamba dawa zipo, kwamba kila mtu anafurahi. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa muumini, mdogo kwa macho lakini mgumu sana kwa mwili, ni kutokushiriki katika uongo. Wakunga wawili wa Misri, Shifra na Pua, hawakuwa na jeshi. Farao aliamuru waue watoto wa kiume, nao hawakuua. Maandiko yanayahifadhi majina yao, ilhali jina la Farao yule hayakulitaja. Mtakatifu Thoma wa Akwino amefundisha kwamba amri isiyo ya haki inafanana zaidi na ukatili kuliko sheria, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2242) inasema kwamba raia anafungwa na dhamiri asizitii amri za serikali zinazopinga maadili, haki za msingi za watu au mafundisho ya Injili. Angalieni neno: anafungwa. Halikuachwa kuwa shauri la mashujaa peke yao.

La pili linahusu silaha, yaani bunduki na panga. Vijana huniuliza, na hawaulizi kwa upuuzi. Kanisa halisemi kwamba kupinga kwa silaha hakuwezi kuruhusiwa kamwe, lakini linaweka masharti matano, yote kwa pamoja (na. 2243): haki za msingi ziwe zinavunjwa kwa hakika, kwa ubaya mkubwa na kwa muda mrefu, njia nyingine zote ziwe zimejaribiwa, pasizuke machafuko makubwa zaidi, liwepo tumaini la kweli la kufanikiwa, na akili isiweze kuona njia bora zaidi. Ukiyapima hayo kwa historia ya Afrika, utaona ni vita vichache mno vingepita katika mlango huo. Mara nyingi tunaruka sharti la pili. Tunasema njia zote zimejaribiwa, kumbe hata barua moja yenye sahihi haijaandikwa.

Simaanishi kwamba barua ni kinga. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Kanisa Anglikana la Uganda walimwandikia Idi Amin wakipinga mauaji na maonezi. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na hapo pia serikali ikatangaza ajali ya gari. Utawala wa Amin uliendelea hadi mwaka 1979. Asiwepo basi mtu wa kuwaambia waamini kwamba wakisema kweli Mungu atageuza mambo kabla ya Pasaka. Huko Malawi maaskofu walipona, wafanyakazi wa Blantyre hawakupona. Sijui kwa nini, wala sitajifanya kujua kwa sababu tu nimevaa stola.

La tatu ni kwamba Kanisa lisikae mezani pa Kaisari likila naye, maana mdomo uliojaa hausemi. Nchini Rwanda, kwa miaka mingi kabla ya 1990, Askofu Mkuu wa Kigali alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Mwaka 1994 Kanisa lilipopaswa kuwa na sauti, waamini wengi hawakujua tena kama sauti hiyo ni ya Injili au ya chama. Ni jeraha ambalo halijapona. Wenzetu wa Malawi walijifunza kinyume chake. Baada ya Banda kuondoka, maaskofu hawakuhamia Ikulu ya Bwana Bakili Muluzi. Mwaka 2002 alipotaka katiba ibadilishwe ili agombee tena, makanisa yalimpinga yeye pia, na muswada ukaanguka bungeni kwa kukosa kura chache. Sauti ya kinabii haina mtu wake; na padre au katekista anayekemea rushwa ya chama hiki na kufunika ya chama kile ni mpiga kampeni tu, hata kama anashika rozari.

Na kuwaombea watawala je? Tuwaombee, kama Paulo anavyomwagiza Timotheo, tena wanaotuonea tuwaombee zaidi. Lakini kumwombea mtawala si kumsifu mbele ya Mungu, kana kwamba Mungu hasomi mahesabu. Tuombe apate hekima, apate kuwasikia wanyonge, na kama ametenda damu, apate toba.

Sasa niwageukie makatekista, kwa kuwa barua ya askofu ikifika kigangoni, sauti inayoisoma ni yenu. Padre atapanda pikipiki jioni arudi parokiani. Ninyi mtalala kijiji kile kile na mwenyekiti na mgambo. Kwa hiyo siwapi maneno mepesi. Msiende peke yenu; jambo likitokea, lipelekeni kwanza katika Jumuiya Ndogo Ndogo, lizungumzwe, lithibitishwe, maana uvumi uliosomwa kanisani ni dhambi kama uongo wa serikali. Andikeni tarehe, majina na yaliyoonekana kwa macho. Mtembeleeni aliyekamatwa, mpelekeni chakula. Bwana atatuuliza juu ya hilo siku ya hukumu, na hakuongeza sharti kwamba mfungwa awe na hatia au asiwe nayo. Kisha mwelezeni paroko wenu. Na kama paroko anaogopa, mwelezeni mara ya pili.

Hapa ndipo niliahidi kurudi.

Yapata miaka ishirini iliyopita nilikuwa paroko wa parokia moja ya vijijini. Wakulima kadhaa wa kigango kimoja walikataa kuondolewa katika mashamba yao bila fidia, na watatu kati yao wakakamatwa, mmoja wao akiwa mzee aliyepita miaka sitini. Dominika ile katekista wa kigango aliniletea maombi ya waamini, yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Ombi la tatu lilimtaja mzee yule kwa jina, na wenzake wawili, likaomba waliowashika wajaliwe moyo wa haki. Halikuwa na neno lolote baya. Lakini katika benchi la mbele alikuwa ameketi mkubwa mmoja wa serikali, aliyekuwa amekuja na mke wake na watoto wake. Nilichukua kalamu, nikalifuta ombi la tatu.

Katekista aliniuliza kwa adabu, "Padre, tumekosea mahali?"

Nikamjibu, "Hapana, Mwalimu. Ila ya Kaisari tumwachie Kaisari."

Hakusema neno. Aliichukua karatasi yake akaenda kusoma maombi yaliyobaki.

Mzee aliachiwa baada ya siku kumi na moja, kwa sababu ya ugonjwa wake. Dominika iliyofuata alifika kanisani akitembea kwa fimbo, na baada ya Misa akaja sakristia. Nilidhani amekuja kulalamika, na nilikuwa nimeandaa maneno. Alikuwa amekuja kunishukuru. "Baba," akasema, "kule ndani Jumapili nilisikia kengele ya kanisa la mjini. Nikawaambia wenzangu, sasa hivi huko kwetu Padre anatutaja. Tukapata nguvu."

Nilimpa mkono, nikampa baraka, wala sikumwambia kitu. Wiki mbili nzima sikuweza kusali vizuri. Siku ya Alhamisi nilikwenda nyumbani kwake kwa miguu, nikamweleza: "Mzee wangu, hatukuwataja. Niliwafuta mimi." Mkewe alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, akaacha kuchambua. Mzee alitazama chini kwa kitambo, kisha akaniuliza kama katekista anajua kwamba nimekuja kusema hivyo. Nikamwambia bado hajui. Akasema, "Basi mwambie. Na wale wenzangu wawili, Baba, bado wako ndani. Waandike."

Dominika iliyofuata maombi ya waamini niliyasoma mwenyewe. Wale wawili niliwataja kwa majina yao ya ubatizo na ya ukoo, polepole, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Yule mkubwa wa serikali alikuwa amekaa kwenye benchi lake la mbele, pamoja na mke wake na watoto wake. Nilipomaliza ombi, aliitikia pamoja na kanisa zima: "Ee Bwana, twakuomba utusikie."